Somo la Magari: Stata Iliyoganda Mahali Pake



Tumezoea katika ukurasa huu kusema habari za mikarafuu, majamvi na makonyo. Leo twaomba ruhusa tuseme habari za chuma, kwa sababu karafuu hazina miguu. Wengi wetu twategemea vigari vya zamani, hasa zile Toyota HiAce za miaka ya 1990, ambazo asubuhi huchukua wachumaji na jioni hurudi na magunia. Nanyi mwajua kwamba karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia hupata joto, huvunda, hupauka na kunywea, na hapo haina tena daraja la kujivunia. Gari lisilowaka jioni ya msimu si jambo la kuchekwa.

Hivyo ndivyo lilivyotufanya gari letu wenyewe, HiAce ya dizeli. Lilizimwa juu ya mteremko, magunia yamo ndani, na ufunguo ulipozungushwa ikasikika "ta!" moja tu, kisha kimya. Dereva akataka kuliachia literemke, liwake kwa gia. Tulimkataza, nasi twamkataza kila mwanachama. Injini ikiwa imezima, usukani huwa mzito, na breki hukubali kukanyagwa mara mbili tatu hivi, kisha pedali hugeuka ngumu kama jiwe. Gari lenye mzigo, mteremko wa Pemba, na watoto wanaotoka chuoni kule chini: hesabu hiyo haitaki mwalimu. Tulishusha magunia, tukalirudisha penye tambarare, vijana wakasukuma, likawaka. (Gari la gia za kujiendesha lenyewe haliwashwi kwa kusukumwa hata kidogo, msijichoshe.)

Kesho yake tukaanza kutafuta ubaya. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa kununua stata kabla ya kuiuliza betri. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia karibu ya kuzimika, na mlio ukawa "ta-ta-ta-ta" wa haraka, angalia betri na vibano vyake kwanza. Mara nyingi ni ule ukoga wa kijani na mweupe uliojaa katika nguzo, nao dawa yake ni maji ya moto na brashi ya waya. Taa zikibaki na nuru yake na mlio ukawa mmoja tu, basi ubaya u katika stata yenyewe au waya wake. Stata ikizunguka kwa kelele na injini isitikisike, ni kile kigia chake cha mbele hakishiki. Na iko namna ya nne: kigia kimeng'ang'ania meno ya flaiwili. Hapo zima ufunguo, weka gia ya nne, ulitikise gari mbele na nyuma. Huenda kikaachia bila ya kufungua kitu.

Letu lilikuwa la namna ya pili. Stata ilikuwa haina budi kutoka.

Jambo la kwanza ni kufungua waya wa hasi wa betri na kuuweka mbali. Twasisitiza, kwa sababu waya mnene wa chanya hutoka katika betri moja kwa moja hadi kwenye stata, hauna fyuzi. Spana ikigusa hapo na ikagusa bodi, hugeuka nyekundu mkononi mwako, na pete ya kidoleni huweza kuunguza mpaka mfupani. Vueni pete na saa. Jambo la pili ni mawe ya kuzuia magurudumu, na magogo ya mti mgumu chini ya chasisi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Na tofali la saruji hupasuka bila ya kutoa habari.

Injini ya HiAce hukaa chini ya viti vya mbele. Stata imelala ubavuni mwake, pale injini inapokutana na gieboksi. Waya mnene umefungwa kwa nati chini ya kifuniko cha mpira, na karibu yake upo waya mwembamba unaoleta amri kutoka kwenye ufunguo. Tuliandika kila kimoja kilipokaa. Kisha bolti mbili: ya chini tuliiona, ya juu tuliipapasa kwa vidole tu, tukaifikia kwa soketi ya namba 17 na kiungio kirefu. Tulizimwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi zikakubali.

Bolti zilitoka, lakini stata haikutoka, na hapa ndipo tulipokaa siku nzima. Pua ya stata huingia katika tundu la mviringo lililochongwa kwa kipimo chake hasa, haliachi nafasi hata ya ukucha. Pua ni ya alumini. Katika kisiwa chetu hewa ya chumvi hupenya kila mahali, na alumini ikipata chumvi na unyevu, tena imegusana na chuma, hutoa unga mweupe mgumu ambao huvimba na kuziba ule upenyo. Gari hili lilikuwa limepita miaka mingi bandarini na katika barabara za pwani, na pua ile haikuwa imetolewa tangu siku ile.

Mmoja wetu alileta nyundo kubwa. Tulimwomba airudishe. Masikio ya stata, yaani yale mahali pa kupitisha bolti, ni ya alumini na hukatika kama kaki. Likikatika sikio la stata, umepoteza stata. Ukipasua bakuli la gieboksi, umepoteza msimu. Kadhalika stata nyingine zina sumaku ndani ya pipa lake, nazo nyundo huzivunja vipande, ukaitoa stata nzima ikawa mbovu kwa mkono wako.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza tulirudisha bolti kwa mizunguko mitatu minne, zikiwa zimelegea, ili stata ikiachia ghafula isituangukie usoni. Stata ya dizeli ni kilo 5 au zaidi. Tukamwaga mafuta pembeni mwa pua, tukanywa chai, tukamwaga tena. Kisha tukachukua nyundo ya mti, tukagonga kidogo kidogo ule ukingo mnene wa mbele, kulia, kushoto, juu, chini. Kamwe si pipa wala kile kikopo cha umeme kilicho juu yake. Tukaishika kwa mikono miwili tukaipindua huku na huku kama kizibo kilichokaza. Baada ya saa moja hivi ilisogea upana wa unyuzi. Hapo tukaingiza bisibisi mbili nyembamba, kila upande moja, tukazikaza kwa zamu. Msikaze upande mmoja tu, kwa sababu pua huenda upande na kukaba zaidi ya mwanzo. Moto hatukutumia, wala hatupendi mtu autumie penye dizeli na oili. Ilitoka baada ya sala ya alasiri.

Mezani tulifungua kile kikopo. Ndani yake mna vipande viwili vya shaba nyekundu na kisahani kinachoviunganisha kila ufunguo unapozungushwa. Kipande kimoja kilikuwa kimelika mpaka kikawa kama kucha. Basi huo ndio ugonjwa wote! Pipa zima, kaboni zake nzima, kigia chake kizima. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na bei yake haikaribii bei ya stata. Badilisheni vyote viwili pamoja. Mwanachama atakayelazimika kununua stata ya mtumba alinganishe na ile ya zamani idadi ya meno ya kigia na mahali pa matundu, na asikubali ya petroli kwa gari la dizeli, kwani nguvu yake haitoshi. Aijaribu dukani kwa betri, imebanwa imara, kwa sekunde chache tu, maana huruka kama samaki.

Katika kuirudisha, kazi kubwa ni usafi. Umeme wa hasi hupita katika mwili wa stata na bolti zake, kwa hiyo nyuso zinazogusana zapasa kung'aa. Tulizisugua kwa brashi ya waya mpaka alumini ikawa nyeupe, na tundu la bakuli vilevile. Pua tuliipaka grisi kidogo sana, nyuso za kugusana hatukuzipaka kitu, wala msizipake rangi. Bolti zianze kwa vidole; ikikataa kwa vidole imekwenda mrama, itoeni. Waya mnene ukazwe bila ya kugusa bodi, kifuniko cha mpira kirudi mahali pake, na waya wa hasi wa betri uwe wa mwisho.

Liliwaka kwa mara ya kwanza. Hata hivyo ufunguo usishikiliwe zaidi ya sekunde 10. Likikataa, lipumzisheni nusu dakika. Baada ya juma moja tuliingia tena chini tukazikaza bolti, na ya juu ilikubali robo ya mzunguko.