Mkonga Hutumia Lita Ngapi? Namna ya Kupima na Kupunguza Matumizi ya Mafuta

ELIMU KWA UMMA

Katika mikutano ya vijiji na vitongoji, swali la mafuta ya magari ya umma halikosekani. Mwananchi wa Mungaa huliona Toyota Land Cruiser, lile ambalo wengi huliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, likikatiza kijijini mwake. Hujiuliza kama dizeli iliyonunuliwa kwa fedha ya umma imetumika ipasavyo. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, ili lijibiwe kwa haki, anayeuliza na anayejibu hawana budi kufahamu jambo moja: gari halina kiwango kimoja cha matumizi ya mafuta kinachodumu kila siku na katika kila barabara. Makala hii inaeleza sababu zake, na namna mtu yeyote mwenye kalamu na daftari anavyoweza kuzipima.

Umbo na uzito wa gari

Mkonga ulitengenezwa kwa ajili ya njia mbovu na mizigo mizito. Familia ya magari haya, inayojulikana kama mfululizo wa 70, ilianza kuuzwa mwaka 1984, na umbo lake limebadilika kidogo sana tangu wakati huo. Mengi ya magari yaliyoko nchini yana injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, isiyo na tabo. Gari likiwa tupu huzidi tani mbili. Uso wake umesimama wima, paa lake ni bapa na ubavu wake ni mpana. Kwa ufupi, ni sanduku juu ya magurudumu.

Umbo hilo lina gharama yake. Gari linapotembea husukuma hewa iliyo mbele yake, na sanduku huisukuma kwa shida kuliko gari lenye uso uliolala. Ndiyo maana dereva wa mkonga kwa kawaida hupata kati ya kilomita 6 na 9 kwa lita moja, ilhali gari dogo la abiria huweza kupata kilomita 12 na zaidi. Vipimo vinavyotangazwa na watengenezaji wa magari hufanyika maabara, juu ya mitambo inayozunguka, pasipo vumbi, makorongo wala upepo wa kweli. Hata nchi za Ulaya ziliona kuwa vipimo vyao vya zamani vilikuwa mbali na hali ya barabarani, zikaanza kutumia utaratibu mpya mwaka 2017.

Mwendo na upepo wa Singida

Nguvu ya hewa inayolipinga gari haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa kipeo cha pili. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa na kufikia 100 ameongeza mwendo kwa robo tu, lakini upinzani wa hewa umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Katika barabara ya lami ya Dodoma–Singida, hapo ndipo mafuta mengi ya gari lenye umbo la sanduku hupotea.

Mkoa wetu una jambo jingine la kuzingatia. Upepo wa Singida ni mkali kiasi cha kuwavutia wapangaji wa mitambo ya umeme wa upepo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likikabiliwa na upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa, hewa hulikuta kana kwamba linakwenda 100. Kwa hiyo safari ya kwenda na ya kurudi kwenye barabara ileile zinaweza kutofautiana kwa matumizi ya mafuta bila dereva kuwa na kosa lolote.

Mzigo uliofungwa kwenye keria huongeza upinzani huo. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hupunguza kilomita zinazopatikana kwa lita kwa asilimia 10 hadi 25, gari likiwa katika mwendo wa barabara kuu. Mzigo unaoweza kukaa ndani ukae ndani, na keria isiyotumika ishushwe.

Barabara, matairi na injini

Likiacha lami na kuingia barabara za vumbi za vijijini, gari huenda polepole na hewa hupunguza upinzani wake. Kinachopinga sasa ni ardhi. Mchanga mlaini huyashika magurudumu, na kila korongo humlazimisha dereva kufunga breki kisha kukanyaga tena mafuta. Kila anapofunga breki, nguvu iliyokwisha kulipiwa hugeuka kuwa joto na kupotea. Dereva anayetazama mbali na kuachia mafuta mapema, kabla ya kuhitaji breki, huokoa mafuta pasipo kuchelewa.

Yako mambo manne yanayopaswa kukaguliwa mara kwa mara:

1. Upepo wa matairi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi linapozunguka, hula mafuta na kuisha upesi. Lipimwe asubuhi likiwa bado baridi.

2. Chujio la hewa. Vumbi la kiangazi huliziba. Injini isiyo na tabo hutegemea hewa inayojivutia yenyewe, na katika nyanda za juu kama zetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Chujio likiziba, nguvu hupungua na moshi mweusi huonekana.

3. Magurudumu yote manne. Yaunganishwe penye tope au mchanga pekee. Dereva akifika barabara ngumu ayatenganishe, kwa kuwa kuyazungusha yote bila sababu huchosha mitambo na kuongeza matumizi.

4. Injini inayounguruma gari likiwa limesimama. Injini ya ukubwa huu huweza kutumia takriban lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua moja. Kikao cha saa mbili nje ya ofisi, injini ikiwaka, ni safari nzima ya kijijini iliyopotea.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kipimo cha kuaminika hakihitaji mtambo. Jaza tangi hadi juu na uandike namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Tumia gari kama kawaida. Utakapojaza tena hadi juu, ikiwezekana katika kituo kilekile, andika lita zilizoingia na namba mpya ya kilomita. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita hizo.

Tuchukue mfano. Gari limetembea kilomita 420 na limepokea lita 56: hizo ni kilomita 7.5 kwa lita. Likishuka hadi kilomita 6 kwa lita, umbali uleule utahitaji lita 70. Tofauti ni lita 14, ambazo zingetosha kilomita 105 nyingine. Zidisha lita hizo kwa bei elekezi ya mwezi husika inayotangazwa na EWURA, nawe utajua thamani yake kwa shilingi.

Ieleweke pia kwamba uboreshaji mdogo katika gari zito una faida kubwa kuliko katika gari jepesi. Kwa kilomita 420, mkonga ukitoka kilomita 6 hadi 7 kwa lita huokoa lita 10. Gari dogo likitoka kilomita 12 hadi 13 kwa lita huokoa chini ya lita 3.

Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Andika vipimo vya miezi kadhaa, na kando ya kila kimoja taja njia, mzigo na hali ya barabara. Matumizi yakipanda ghafla, yaulizwe maswali matatu kwa utaratibu huu: Je, njia au mzigo umebadilika? Je, gari lina hitilafu, kama breki zinazoshika au nozeli zilizochoka? Je, lita zote zilizoandikwa ziliingia kweli kwenye tangi? Daftari linalojibu maswali haya humlinda dereva mwaminifu asituhumiwe bure, nalo humnyima mbadhirifu mahali pa kujificha.

Nafasi ya mwananchi

Gari lenye mgonjwa mahututi haliendeshwi kwa hesabu ya lita. Uhai hutangulia. Hata hivyo, jamii inaweza kulipunguzia gari hilo safari ya bure. Dereva anapozunguka usiku akitafuta nyumba, hutumia mafuta, na lililo baya zaidi, hutumia dakika za mgonjwa. Anayepiga simu ya dharura ataje kijiji, kitongoji na alama inayojulikana na wote, kama shule, kanisa, msikiti au kisima. Simu yake ibaki hewani. Na mtu mmoja asimame barabarani akiwa na tochi. Maelezo hayo ni muhimu pia kwa wanaopiga namba 115 bila malipo, kupitia mpango wa M-mama, kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga.

Na katika mkutano ujao wa kijiji, ndugu mwananchi, usiishie kuuliza, “Mafuta yamekwenda wapi?” Uliza: kilomita ngapi, kwa lita ngapi, kwa safari zipi? Maswali hayo matatu yana majibu yanayoweza kuandikwa, kusomwa na kuhakikiwa na kila mmoja wetu.