Moto Haufuti Kila Kitu

Jikoni tumelelewa na imani kwamba chakula kikichemshwa vya kutosha hakina madhara tena. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Nyama ikiiva hadi katikati ikafika nyuzi 70 za Selsiasi, bakteria wa homa ya matumbo, wa kipindupindu na wengi wa kuhara huwa wameshakufa. Lakini bakteria akifa, sumu aliyokwisha kuitoa haifi naye, kwa sababu sumu si kiumbe. Nyingine huchemka saa nzima na kutoka kama ilivyoingia. Ndiyo maana saa zinazotangulia jiko, na zile zinazofuata baada ya sufuria kuepuliwa, zina uzito kuliko muda wa kupika wenyewe.

Tuchukue samaki. Jodari, vibua na nguru wana histidini nyingi katika nyama yao, nacho ni kijenzi cha kawaida tu cha protini. Samaki akishakufa, bakteria waliokuwa kwenye mashavu na tumboni mwake huigeuza histidini kuwa histamini. Katika nyuzi 30, joto la kawaida la mchana Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, saa chache zinatosha kuijaza nyama sumu hiyo. Kwenye barafu, karibu na nyuzi 0, kazi yao hupungua mno. Ikishaingia, haitoki: umkaange, umbanike, umgandishe, hata akiwekwa kwenye kopo kiwandani, histamini hubaki. Tena haina harufu. Samaki mwenye macho maangavu na mashavu mekundu anaweza kuwa nayo, na hapo ndipo ujuzi wetu wa kumkagua samaki kwa macho na pua unapogota.

Kwa hiyo ukifika Feri au kwenye diko lolote, angalia barafu kabla ya kumwangalia samaki. Aliyehifadhiwa vizuri huwa amefunikwa barafu juu, chini na ubavuni. Kumlaza juu ya mabonge matatu yanayoyeyuka ni maonyesho tu, na kumnyunyizia maji kila mara kunamfanya ang'ae bila kumpoza inavyotakiwa. Usione haya kuuliza: "Kaka, huyu ametoka majini saa ngapi, na barafu ameipata wapi?" Mchuuzi anayeijua kazi yake atakujibu bila kununa. Anayepita mtaani saa nane mchana na jodari kwenye ndoo kavu, mwache apite, hata bei ikiwa ya kuvutia.

Barafu ina nguvu ambayo wengi hawaikadirii. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 ikiyeyuka tu, humeza joto ambalo lingetosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Joto hilo hutolewa kwenye mwili wa samaki. Iliyosagwa hufanya kazi haraka kuliko bonge, kwa kuwa humgusa kila upande. Katika hali ya hewa yetu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki si ufujaji. Ndicho kipimo chenyewe.

Kwa nini nyuzi chache zilete tofauti kubwa hivyo? Mwaka 1889 mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alieleza namna joto linavyoharakisha mabadiliko ya kikemia. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huongeza kasi mara mbili hivi, wakati mwingine mara tatu. Viumbe hai nao huendeshwa na kemia hiyohiyo, ila wao huzaana juu yake. Bakteria mmoja anayegawanyika kila dakika 20 katika chakula cha vuguvugu anaweza, baada ya saa 7, kuwa na uzao unaozidi milioni 2. Chini ya nyuzi 5 wengi wao hulemaa. Juu ya nyuzi 60 hawawezi kuongezeka. Kati ya hapo ndipo hatari ilipo, na bahati mbaya ndipo lilipo joto la sebule zetu.

Sasa wali. Mchele mbichi mara nyingi huwa na spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo huvumilia kuchemka. Sufuria ikiepuliwa na kuachwa mezani, joto hushuka polepole, spora huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haivunjiki kwa kupasha kiporo, hata mvuke ukifuka. Mtu hula asubuhi na chai, na kabla ya adhuhuri anatapika.

Sisemi kiporo kiachwe. Wali wa nazi uliolala una wapenzi wake, na wana haki. Ila uandaliwe tangu usiku. Pakua utakaobaki mapema, utandaze kwenye sinia au bakuli pana upoe upesi, kisha uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu uepuliwe. Ukiuacha ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko, katikati yake hubaki na vuguvugu kwa saa nyingi. Hotpoti nayo inasifiwa kupita kiasi. Inafaa kwa chakula kitakacholiwa punde, lakini pilau iliyotiwa humo asubuhi kusubiri wageni wa jioni huwa imeshuka chini ya nyuzi 60 muda mrefu kabla hawajabisha hodi.

Nafaka ghalani ina kisa chake, na humo joto hushirikiana na unyevu. Kuvu anayetoa sumukuvu, yaani aflatoksini, hustawi kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, hasa kati ya nyuzi 25 na 35. Mwaka 2004, katika mashariki ya Kenya, ikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kusonga ugali hakuiondoi. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Hifadhi mahindi yakiwa makavu kabisa, na punje zenye ukungu zitupwe. Usimpe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa, huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hufika hata saa 48, na iliyo nusu saa 24. Umeme ukirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Iliyolainika na kupata vuguvugu, itupwe bila majadiliano. Insulini ndiyo ya kuangaliwa zaidi: ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda hata mara moja haifai tena, ijapokuwa imeyeyuka na inaonekana safi. Kwa hiyo isikae karibu na sehemu ya kugandishia.

Mwisho, dalili. Mtu aliyekula samaki mwenye histamini huwashwa mdomo kama aliyekula pilipili, uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio na mwili hutoka vipele, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi huambiwa wana mzio wa samaki na kuacha kumla maisha yote, kumbe mwenye kosa alikuwa jua. Ladha ya ukali ikikushtua katika samaki ambaye hukumtia pilipili, mteme na usiendelee kula. Ukipata dalili hizo nenda zahanati ukaeleze ulikula samaki gani na saa ngapi, na kifua kikibana au pumzi ikiwa nzito, kimbilia hospitali papo hapo.