Sifa ya Mtengenezaji na Giaboksi ya Gari Lililotumika

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani huambiwa mara nyingi: "Hii ni Toyota, haina shida." Sifa hiyo haikupatikana bure, vipuri ni vingi na mafundi wameyazoea magari hayo. Hata hivyo, jina moja huweza kubeba mitambo miwili tofauti. Toyota IST ya mwaka 2002 ilitumia giaboksi otomatiki ya gia nne. Toleo la mwaka 2007, lile linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele, lilikuja na giaboksi ya CVT, ambayo badala ya gia za hatua ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili.

Wenye magari ya CVT hulalamika kwamba gari hutetemeka linapoondoka, au injini hunguruma ilhali mwendo hauongezeki. Chanzo kimojawapo ni oili. Mkanda huo huhitaji oili maalumu inayouwezesha kuzishika puli. Fundi akiweka haidroliki ya kawaida, mkanda huteleza na kuzikwaruza puli, hata mwenye gari akalazimika kununua giaboksi nyingine. (Wapo wauzaji wanaodai kuwa oili zote ni sawa. Si kweli.)

Kabla ya kulipa, omba stakabadhi ya oili iliyowekwa mara ya mwisho, usome aina yake. Kisha liendeshe gari kwa dakika 20, pamoja na kupanda mlima, kwa kuwa giaboksi yenye kasoro huweza kutulia ikiwa baridi na kuanza kutetemeka ikipata joto. Muuzaji akikataa jaribio hilo, usitoe hata malipo ya awali.