VITA VYA PANZI, FURAHA YA KUNGURU: SOMO KUTOKA MJI WA SAN GIMIGNANO

Methali hiyo hapo juu tumeitumia mara nyingi katika insha, tena pengine bila kuifikiria sana. Leo natumia mji mmoja mdogo wa Italia kuifafanua. Basi fungeni viatu tuandamane!

San Gimignano umekaa juu ya kilima katika jimbo la Toscana, baina ya miji ya Florence na Siena. Mgeni atokaye Florence hupanda gari la moshi hadi Poggibonsi, kisha basi. Hata kabla hajafika, huiona minara ya mawe imesimama kileleni kama vidole vilivyoelekezwa mbinguni.

Tunaingilia lango la San Giovanni lililojengwa mwaka wa 1262. Hapa ndipo palipopita barabara ya mahujaji Wakristo waliotoka kaskazini ya Ulaya kwenda Roma. Mahujaji walihitaji chakula na malazi, na wenyeji wakapata fedha. Isitoshe, wafanyabiashara wa mji waliuza mvinyo na zafarani, kile kiungo cha manjano ambacho wapishi wa pwani yetu hukitia katika biriani. Mwaka wa 1199 mji ulianza kujitawala wenyewe.

Njia hiyo inatufikisha kwenye uwanja wa Kisima. Kisima chenyewe kilichimbwa katika karne ya 13 na kupanuliwa mwaka wa 1346. Tazama ukingo wake: mawe yamelika kwa kamba za wachotaji maji. Kumbe hata kamba hulishinda jiwe ikipewa muda!

Sasa inua macho. Je, minara hii ilikuwa ya nini? Matajiri waliijenga ili wajikinge wakati wa vita, lakini zaidi ili waonekane. Ukijenga wako, jirani naye anajenga mrefu zaidi. Inasemekana ilifika 72 kwa jumla, na leo imebaki 14 tu. Serikali ya mji ilipoona mambo yanazidi, ilipiga marufuku mtu binafsi kujenga mnara unaoupita ule wa Rognosa. Inasimuliwa kwamba ukoo wa Salvucci ulikwepa sheria hiyo kwa kujenga miwili sambamba, ati ikijumlishwa iwe mirefu zaidi! Mnara mrefu kuliko yote, Torre Grossa wa mita 54, ni mali ya mji wenyewe. Ulikamilika mwaka wa 1311.

Salvucci walikuwa upande wa Kaisari, nao mahasimu wao Ardinghelli walikuwa upande wa Papa. Mwaka wa 1300 mshairi Dante alifika hapa kama balozi wa Florence, akahutubia baraza ili mji uungane na miji ya upande wa Papa. Ukumbi ulioko katika jumba la mji hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Kabla ya kuondoka, tuchungulie kanisa kuu lililowekwa wakfu mwaka wa 1148. Ukutani mna picha za Agano la Kale upande mmoja na Agano Jipya upande wa pili. Wakati huo wengi hawakujua kusoma, hivyo ukuta ndio uliokuwa kitabu chao.

Basi panzi waliendelea kupigana. Mwaka wa 1348 tauni ikaingia ikaua watu wengi mno. Mji uliochoka kwa uhasama na msiba haukuwa na nguvu tena, na mwaka wa 1353 ukajisalimisha kwa Florence. Kunguru alikuwa amengoja tu! Uhuru waliojivunia babu zao ukaisha, biashara nayo ikafifia.

Lakini ajabu ni hii. Kwa kuwa wenyeji walikuwa maskini, hawakuwa na fedha za kubomoa ya kale na kujenga mapya. Ndiyo maana mji ulibaki na sura yake, na mwaka wa 1990 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia.

Wenzangu, minara ile ilijengwa kwa majivuno, na kila ukoo ulidhani utabaki juu milele. Leo koo hizo hazitawali hata uchochoro mmoja. Sisi nasi tunaogombana bweni kwa bweni, nani atakuwa kunguru wetu?

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Taja mambo mawili yaliyoutajirisha mji huu.
2. Panzi ni akina nani katika somo hili? Kunguru je?
3. "Umaskini uliuhifadhi mji." Jadili.
4. Tunga kisa kifupi kinachothibitisha methali iliyo kichwani mwa makala haya.