SOMO JUU YA MOTOKARI YA MAZUTI ISIYOWAKA ASUBUHI



Mmezoea kusoma hapa habari za mihogo, za maharagwe na za mbolea. Leo tutasoma habari ya motokari. Msiseme: «Hiyo si kazi ya mkulima.» Chakula kilicholimwa vizuri na kuvunwa vizuri hakina faida kikilala njiani. Watu wa Walungu, wa Mwenga na wa Kamituga wanajua jambo hili. Barabara yao ya kwenda Bukavu ni ndefu, tena mbaya, na wengi wanaochimba dhahabu hungoja chakula kilicholimwa na wengine.

Nitawaeleza jambo nililoliona. Wakulima fulani walipakia nyanya na kabichi jioni, ili wafike soko la Kadutu mapema. Saa 11 ya alfajiri dereva akageuza ufunguo. Moteri ikazunguka, haikuwaka. Ikatoa moshi mweupe tu. Akazidi kuizungusha hata batri ikachoka. Mtu mmoja akasema: «Buji zimekufa.» Wakamtuma kijana akanunue buji 4. Zikafungwa, na motokari haikuwaka. Mwisho akaja fundi mwenye kipimo, akaona kwamba fyuzi moja imekatika. Buji za kwanza zilikuwa nzima zote. Nyanya zilifika sokoni siku ya pili, nyingi zimekwisha kupondeka na kuoza, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya mbegu ilikuwa imeliwa na buji zisizohitajiwa.

Hasara ile haikuletwa na baridi. Ililetwa na kununua kabla ya kupima. Basi shikeni neno hili moja: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE.

I. Buji ya joto ni nini?

Motokari ya esanzi ina buji ya kutoa cheche. Motokari ya mazuti haina cheche. Moteri yake hubana hewa kwa nguvu hata hewa ile inakuwa moto sana, na mazuti yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Mkitaka kusadiki, shikeni pampu ya baiskeli mnapojaza gurudumu: chini yake hupata moto. Mdachi mmoja, Rudolf Diesel, ndiye aliyetengeneza moteri ya namna hii, nayo ilifanya kazi vema katika mwaka 1897.

Lakini asubuhi chuma cha moteri ni baridi, nacho hunyang'anya hewa joto lake. Tena Bukavu iko juu, karibu meta 1,500 kupita bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa hiyo moteri nyingi zina msaidizi: kijiti cha chuma katika kila silinda, chenye waya ndani, ambacho umeme wa batri hukifanya chekundu kama kaa la moto. Hiyo ndiyo buji ya joto. Moteri ya silinda 4 huwa na buji 4. Ile 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda 6, ina buji 6.

Angalieni: kamyo nyingi kubwa hazina buji hizi kabisa. Ulizeni kwanza kama motokari yenu inazo.

II. Dalili za ugonjwa

1. Moteri baridi inazunguka vizuri lakini inakawia kuwaka.
2. Bomba linatoa moshi mweupe wenye harufu ya mazuti mabichi.
3. Ikiisha kuwaka, inatetemeka kitambo kidogo, kisha inatulia.
4. Mchana, moteri ikiwa ya moto, inawaka mara moja.

Dalili ya nne ndiyo kubwa. Kama moteri inakataa hata ikiwa ya moto, msishitaki buji. Tafuteni mahali pengine: kichujio cha mazuti kilichoziba, hewa iliyoingia katika mabomba, au moteri iliyochakaa isiyobana tena hewa.

Tena msidanganywe na taa ndogo ya manjano mbele ya dereva. Taa ile humwambia dereva angoje. Haimwambii kwamba buji zimepata moto. Yaweza kuwaka na kuzimika sawasawa, na buji zote zimekufa.

III. Namna ya kupima

Fanyeni kazi hii moteri ikiwa baridi, na kwa mpango huu. Msiruke hata hatua moja.

Hatua ya kwanza: batri. Batri iliyojaa, ya volti 12, hupimika karibu 12.6 ikipumzika. Safisheni vichwa vyake na kukaza waya zake. Batri dhaifu hufananisha kila ugonjwa.

Hatua ya pili: umeme unafika? Juu ya buji mtaona kipande cha chuma au waya inayoziunganisha zote. Mtu mmoja ageuze ufunguo mpaka mahali pa kupasha moto, asizungushe moteri. Mwingine aweke kipimo, upande mmoja juu ya kipande kile, upande wa pili kwenye chuma cha moteri. Kama umeme haufiki, acheni buji. Tazameni fyuzi kubwa, kisha rele, ambayo hulia «tak» ikifanya kazi, kisha waya zilizooza au kulegea. Hapa ndipo wakulima wale walipokosea.

Hatua ya tatu: buji yenyewe. Umeme ukifika, zimeni ufunguo, mfungue nati ndogo, mkaondoe kile kiunganishi. Pimeni kila buji peke yake, toka kichwa chake hata chuma cha moteri. Buji nzima huonyesha namba ndogo, mara nyingi chini ya omu 2, na zote hukaribiana. Ile ambayo kipimo hakionyeshi njia kabisa imekatika.

Asiye na kipimo achukue taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja aufunge kwenye batri upande wa kujumlisha. Wa pili auguse juu ya kichwa cha buji. Taa isipowaka, buji imekatika. Taa ikiwaka, waya wa ndani unapitisha umeme.

Msiguse buji na waya wa batri moja kwa moja ili kuona kama itakuwa nyekundu. Buji nyingine zimetengenezwa kwa volti 6 au pungufu, ingawa batri ni ya 12. Zikipata 12 zitaungua mara moja.

IV. Kutoa na kurudisha

Pasheni moteri moto kidogo kwanza. Mtieni mafuta mepesi shinani mwa buji, mkangoje. Tumieni kle ndefu inayoshika vema, mfungue polepole, mbele na nyuma. Buji ikikatikia ndani ya kichwa cha moteri, gharama yake itapita bei ya buji nyingi.

Ikitoka, tazameni ncha yake. Ncha iliyovimba au kuyeyuka ina sababu: pengine rele imeshikamana na kupasha moto bila kuacha, pengine kinyunyizi cha mazuti ni kibovu. Tengenezeni sababu hiyo, ama buji mpya itakufa vilevile. Mnunue yenye namba na volti zile zile. Anzeni kuifunga kwa vidole, mmalize kwa kle bila kutumia nguvu nyingi.

V. Mambo yanayokatazwa

Msipulize eteri katika moteri yenye buji za joto. Eteri hushika moto upesi mno, nayo yaweza kupasuka na kuvunja pistoni, au kumwunguza mtu usoni.

Msiwashe matambara chini ya moteri. Mabomba ya mazuti yako karibu.

Msizoee kuachilia motokari katika mtelemko ili iwake. Milima ya Kadutu ni mikali na njia zimejaa watoto. Moteri ikiwa imezimika, breki huwa ngumu.

Maulizo

1. Kwa nini moteri ya mazuti haihitaji cheche?
2. Moteri inakataa asubuhi na mchana pia. Je, tushitaki buji?
3. Taa ya manjano imewaka na kuzimika. Imetuonyesha nini?
4. Umeme haufiki kwenye buji. Tutatazama vitu gani vitatu?
5. Wakulima wa nyanya wangalifanya nini kabla ya kumtuma kijana dukani?

Mtu akijibu vema ulizo la tano, amelifahamu somo lote. Na aende akamfundishe dereva wake jioni, kabla ya kupakia.