Dondoo muhimu: Kitulo, nenda wakati wa maua

Ukitoka Mtoni, Temeke, kwenda Hifadhi ya Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, usivutwe na ukavu wa Juni hadi Agosti. Barabara hupitika, ila maua ni haba na baridi ya usiku hufikia kiwango cha kuganda. Joto la Temeke halijakuandaa kwa hilo. Maua, okidi zikiwemo, huchanua Desemba hadi Aprili, mvua ikinyesha. Machi na Aprili tope huzidi, hasa mlima wa Chimala kwenda Matamba, wenye kona zaidi ya 50. Kwangu mimi, Januari na Februari ndiyo miezi yenyewe. Panda basi la Mbeya katika kituo cha Mbezi Luis, shuka Chimala. Beba buti, koti la mvua na sweta nzito. Kabla ya kukata tiketi, ulizia hali ya barabara ya Matamba.