Barua ya Mboji

Kator, Juba. Nyuma ya vibanda vya matunda vya Konyokonyo, mvua imetoka kukatika.

KIJANA: Mzee, tumeandika barua kwa wafadhili watujengee kiwanda cha mboji. Mitaro hii ingepumua.

MZEE: Barua imesema nani atanunua dizeli?

KIJANA: Tumetaja paa, sakafu ya saruji na tingatinga.

MZEE: Nilikaa Uganda miaka mingi, mwanangu. Jinja, Mbale, Mukono, Kabale, miji hiyo ilijengewa mitambo ya mboji kwa mpango wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, na Benki ya Dunia. Kila mmoja ulikadiriwa kupokea tani 70 kwa siku. Taka zinapangwa marundo, zinageuzwa mara kwa mara zipate hewa. Zikikosa hewa zinavunda. Mtambo mmoja wa namna hiyo niliujua vizuri. Tingatinga liliharibika, kipuri kikasubiriwa miezi. Malori hayakusubiri.

KIJANA: Nasikia kulikuwa na fedha za kaboni, zile za kupunguza hewa chafu.

MZEE: Zile hulipwa kazi ikishafanyika, ikapimwa, ikathibitishwa. Kisha bei ya kaboni duniani ikaporomoka, kufikia mwisho wa 2012 ilikuwa karibu haina maana. Mgeuza taka anataka posho yake jioni ileile. Na hapa kwetu? Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, walianza 2011 kuisaidia Juba kushughulikia taka. Desemba 2013 risasi zikalia, wageni wakaondoka.

KIJANA: Mboji si ingeuzwa?

MZEE: Chota hapo mtaroni. Fungua kiganja.

KIJANA: Maganda ya embe... mfuko mweusi wa nailoni... kioo. Na betri ya redio.

MZEE: Mkulima akijikata na kioo hicho, hanunui tena. Ukingoja kuchambua kule kiwandani umechelewa, taka zimeshashikana. Kazi hiyo ni ya hapa, kisu kinapomenya.

KIJANA: Akina mama watakubali?

MZEE: Mtazame yule wa mwisho. Maganda yake yana gunia lake, hakuna nailoni hata moja. Mwenye mbuzi hupita jioni.

KIJANA: Kwa hiyo barua tuichane?

MZEE: Msiichane. Andikeni upya ukurasa wa kwanza: kila kibanda kitatoa ushuru kiasi gani, nani ataushika, na daftari litasomwa mbele ya nani. Safu hii ina vibanda vingapi?

KIJANA: Sijahesabu, Mzee.

MZEE: Anza kwa yule mwenye gunia.